Max von Sydow: Mswidi aliyecheza sataranji na Mauti

Mwigizaji kutoka nchi yenye lugha ya watu wachache anapoingia Hollywood, aghalabu hupewa nafasi ya mgeni asiyeaminika. Max von Sydow wa Sweden alipewa nafasi za namna hiyo mara nyingi, lakini hazikummeza. Kinga yake ilikuwa malezi aliyoyapata jukwaani.

Alizaliwa mwaka 1929 mjini Lund, baba yake akiwa msomi wa ngano za jadi. Baada ya kusomea uigizaji Stockholm, mwaka 1955 alijiunga na jumba la maigizo la Malmö, alikofanya kazi mwongozaji Ingmar Bergman.

Kikosi hicho kilikuwa na utaratibu wake. Majira ya baridi walicheza tamthilia. Majira ya joto, majumba yakifungwa, walipiga filamu. Hapakuwa na nyota wa kudumu. Mwaka 1957, Sydow alikuwa shujaa anayecheza sataranji na Mauti katika The Seventh Seal. Mwaka huohuo, katika Wild Strawberries, alionekana kwa muda mfupi tu kama muuza petroli. Kwa jumla alishiriki filamu 11 za Bergman.

Nidhamu hiyo ndiyo aliyosafiri nayo. Mwaka 1965 aliigiza nafasi ya Yesu katika filamu ya Kimarekani The Greatest Story Ever Told. Katika The Exorcist ya 1973 akawa padri mzee anayepunga pepo, ilhali mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 40 na ushei. Uzee ule ulitokana na vipodozi na mwendo wake. Mwaka 1975 alikuwa muuaji wa kukodiwa katika Three Days of the Condor.

Hata hivyo hakuikata mizizi yake. Katika Pelle the Conqueror ya 1987 alikuwa mjane wa Kiswidi anayekwenda Denmark na mwanawe kutafuta kibarua, akakuta unyonge badala ya neema. Nafasi hiyo ilimpatia uteuzi wa kwanza wa Oscar.

Uteuzi wa pili aliupata akiwa na miaka 82, kwa filamu ya 2011, Extremely Loud & Incredibly Close. Humo ni mzee asiyetamka neno: viganja vyake vimeandikwa "ndiyo" na "hapana". Mtu aliyeigiza kwa lugha kadhaa alionyesha kwamba uigizaji hauanzii ulimini.

Sydow, aliyepata uraia wa Ufaransa mwaka 2002, alifariki dunia nchini humo Machi 8, 2020.