Fosforasi Imo Shambani, Mahindi Hayaifikii

Mahindi yanayopandwa kwenye miinuko ya Vihiga na Kakamega huota vizuri. Mbegu huja na akiba yake ya fosforasi, na akiba hiyo huulisha mche kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo majani ya chini huanza kuingia rangi ya zambarau, ncha kwanza kisha kingo, na mche hudumaa. Ikifika wiki ya nne, mkulima aliyepima mbolea ya DAP kwa kizibo cha soda na kuitia shimo kwa shimo hujiuliza kama aliuziwa mbolea bandia. Yapo maduka yanayouza bandia, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi mbolea ni halali kabisa, na udongo ndio ulioishika.

Rangi ile ina sababu yake. Mmea uliopungukiwa na fosforasi huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda kwa machanga, ndiyo maana dalili huanzia chini. Sukari inayotengenezwa kwenye jani hukosa kazi ya kufanya, hurundikana, na sehemu yake hugeuka kuwa rangi ya zambarau. Baridi au udongo ulioshindiliwa unaweza kuleta rangi hiyo hiyo, kwa hiyo ng'oa mche mmoja, suuza mizizi kwa maji, uitazame kabla ya kutoa hukumu. Penye uchachu mkali mizizi huwa mifupi na minene, imekuwa kahawia kwenye ncha, na vile vijizizi vyembamba vya pembeni ni vichache mno au havipo.

Anayefanya hivyo ni alumini. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya umenyeshewa kwa maelfu ya miaka, na mvua imeosha kalisi na magnesi, ikabakisha chuma na alumini kwa wingi. Alumini ikiwa imetulia haina madhara. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo, na kadiri kipimo kinavyoshuka ndivyo sumu inavyozidi. Tofauti ya tarakimu moja si ndogo hata kidogo: udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 ya ule wa pH 6. Alumini iliyoyeyuka hushambulia milimita chache za ncha ya mzizi, mahali pale seli zinapogawanyika na kurefuka, na ndani ya saa chache mzizi huanza kusita kukua.

Alumini hiyo hiyo, pamoja na chuma, hung'ang'ania fosforasi na kuifanya isiyeyuke. Hapo mmea hupata pigo la pili. Naitrojeni ya mbolea husafiri na maji hadi kwenye mzizi. Fosforasi husogea milimita chache tu msimu mzima. Mzizi ndio unaopaswa kuifuata, na mzizi wenyewe umeshadumazwa.

Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 10 hivi za fosforasi yenyewe. Punje zinazojaza gunia la kilo 90 huondoka na robo kilo hivi. Kwa hesabu ya karatasini, mfuko mmoja ungetosha punje za magunia 40. Shambani hali ni nyingine kabisa, kwa sababu kwenye udongo mchachu mmea hupata sehemu ndogo tu ya fosforasi iliyotiwa msimu huo, mara nyingi chini ya robo. Tena DAP ina amonia, na vijidudu vya udongo vinapoigeuza kuwa naitreti, uchachu huongezeka. Shamba lililotiwa DAP peke yake mwaka baada ya mwaka linazidi kujiharibia.

Mmea nao haukai ukisubiri kufa. Mimea mingi yenye njaa ya fosforasi hupunguza ukuaji wa shina na kupeleka nguvu kwenye mizizi, na hurefusha vinyweleo vyake. Baadhi ya aina za maharagwe hutandaza mizizi karibu na uso wa ardhi, ambako fosforasi huwa nyingi zaidi. Mbaazi hutoa asidi kwenye mizizi yake zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Aina kadhaa za mahindi na mtama hutoa asidi ya sitriki kwenye ncha ya mzizi. Asidi hiyo huikamata alumini nje kabla haijaingia. Mwaka 2007 watafiti wa Brazil na Marekani walitangaza jeni ya mtama inayosimamia kinga hiyo, na ugunduzi huo ni tumaini kubwa kwa wanaozalisha mbegu za nchi zetu.

Kuna njia nyingine ambayo mmea hujaribu, na hii huniuma kila ninapoieleza kwa wakulima. Mzizi ukikosa fosforasi hutoa kemikali ya kuita kuvu rafiki, wale wanaoishi ndani ya mizizi na kutandaza nyuzi zao sentimita kadhaa nje, wakiileta fosforasi kutoka mahali ambapo mzizi haufiki. Watafiti wa Japani walithibitisha wito huo mwaka 2005. Lakini kayongo, gugu ambalo Tanzania huitwa kiduha, huusikia pia. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala ardhini miaka mingi zikingoja kemikali hiyo hiyo. Zikiipata huota, hujishika kwenye mzizi wa mahindi na kuunyonya. Ndiyo maana kayongo hustawi zaidi kwenye mashamba yaliyochoka. Kuling'oa bila kuurutubisha udongo ni kazi isiyokwisha.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo. Hupandisha pH, alumini hutulia, na mizizi hupata nafasi ya kukua. Inamwagwa shamba zima na kuchanganywa na udongo hadi kina cha sentimita 15 hivi, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na DAP, maana naitrojeni itapotea hewani kama amonia. Wala usiizidishe, kwa kuwa udongo ukipita kiasi cha chokaa huficha zinki, na fosforasi nayo hushikwa upya, safari hii na kalisi. Chokaa peke yake haileti fosforasi. Mbolea bado inahitajika, na ikae karibu na mbegu bila kuigusa.

Tanzania ina hazina ambayo naiona haijatumiwa inavyostahili: fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, iliyotokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwani wa zamani sana. Mwamba huo uliosagwa huhitaji asidi ili uyeyuke, kwa hiyo uchachu unaoitesa mbolea nyingine huusaidia huu. Kwenye udongo usio mchachu faida yake hupungua sana.

Si kila zao linahitaji haya yote. Chai hupenda uchachu, na muhogo huvumilia alumini na kutegemea sana kuvu wa mizizini. Wanaoumia ni mahindi na, zaidi yao, maharagwe.

Serikali zinazotoa ruzuku ya mbolea zitoe na ruzuku ya chokaa na ya kupima udongo, vinginevyo fedha nyingi zinazikwa ardhini. Nawe mkulima, usingoje mvua za Machi. Januari chukua udongo kutoka sehemu 10 au 15 za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye vizuri kwenye ndoo safi isiyokuwa na mbolea, na nusu kilo yake uipeleke maabara. Uliza mambo mawili: pH ni ngapi, na chokaa inahitajika kiasi gani. Mbolea uinunue baada ya kupata majibu.