Jiwe la Kiwanjani ni Mtaji

MWANZA: Anayepata kiwanja vilimani huanza kuwaza gharama za kupasua mawe. Hesabu hiyo ifanywe upya. Mita moja ya ujazo ya graniti ina uzito wa tani 2.6 hivi, atakaye bustani ya mawe kwenye mji usio na miamba hulipia lori na wapakiaji. Wa Mwanza hununua udongo, kokoto na miche tu.

Mawe ya kuongezea yafukiwe theluthi moja, yakielemea upande wa mlima ili maji ya mvua yaifikie mizizi. Mishubiri hufaa, huvumilia kiangazi. Lakini anayewazia kuiuza nje ajihadhari: mkataba wa CITES hudhibiti aina zote isipokuwa Aloe vera, na hata miche ya kitaluni huhitaji hati.