UVIMBE USIOUMA KWENYE KAAKAA

Pitisheni ulimi juu ya kaakaa, kuanzia nyuma ya meno ya mbele hadi pale panapoanza ulaini kuelekea kooni. Hapo mmegusa tezi ndogo nyingi za mate. Wengi wetu twazijua zile kubwa tu, jozi tatu zilizopo karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Lakini hizi ndogo ni kati ya 600 na 1,000, nazo zimetapakaa kinywa kizima.

Ndani ya tezi hizo huweza kuzuka saratani moja ya nadra, ambayo madaktari waliitenga na nyingine mwaka 1983 tu. Wao huiita adenokasinoma ya maumbo mengi, kwa kuwa chini ya darubini chembe zake hujipanga kwa namna mbalimbali. Huwapata zaidi kina mama kuliko kina baba, hasa waliopita umri wa miaka 50, na mara nyingi hukaa kwenye kaakaa.

Mwendo wake ni wa kinyonga, na hapo ndipo hatari ilipo. Uvimbe hauumi, hautoi damu, mtu anakula ugali wake kama kawaida. Bibi husema tu kwamba meno yake ya bandia siku hizi hayakai vizuri. Miaka inapita! Na huku chini uvimbe hupenda kutambaa kando ya mishipa ya fahamu.

Si kila uvimbe wa kaakaa ni saratani. Wapo watu wengi wenye kinundu kigumu cha mfupa katikati kabisa ya kaakaa, nacho hakina madhara. Ila uvimbe mpya, hasa ulio upande mmoja, uonwe na daktari wa meno.

Wengine hukimbilia kwa fundi wa kukata kimio. Tunawasihi msifanye hivyo. Kimio kitakatwa bure, mgonjwa atavuja damu, na uvimbe utabaki palepale.

Hospitalini hukatwa kipande kidogo cha nyama na kupelekwa maabara. Hospitali ya rufaa kama Bugando au Muhimbili yaweza kukipima. Ikithibitika ni saratani, tiba ni upasuaji, na daktari huondoa pia sehemu ya nyama nzima inayozunguka uvimbe. Pengine hubaki tundu kwenye kaakaa, chakula kikapitia puani. Mgonjwa asione aibu, kwani hutengenezewa kifuniko mfano wa meno ya bandia, akala na kuongea tena.

Wengi hupona. Hata hivyo kwa wachache saratani hii hufika kwenye tezi za shingo, na yaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Kwa hiyo aliyepasuliwa apewe nauli ya kwenda kupimwa kila anapoitwa, hata kama anasema amepona kabisa.