Mkahawa usio na kahawa: Kitendawili cha mkulima wa Makueni

NENO mkahawa limetokana na kahawa. Hata hivyo, ukiingia alfajiri katika mikahawa mingi mjini Wote au Kitui na kuketi, yamkini mhudumu hatakuuliza iwapo unataka chai au kahawa. Atakuuliza tu kama unataka chai ya maziwa au ya rangi.

Ukishikilia kwamba kahawa ndiyo unayoitaka, huenda ukaletewa kikombe cha maji moto, kijiko, na pakiti ndogo ya kahawa ya kukoroga iliyotengenezwa mbali sana na hapo.

Jambo hilo lingekuwa dogo lau Makueni ingekuwa nchi isiyojua mbuni. Lakini katika milima ya Mbooni na Kilungu hukuzwa kahawa ya arabika, jamii ile ile inayosakwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Anayeichuma huteremka mlimani akaenda nyumbani kunywa chai.

Kwa nini iwe hivyo? Na je, mkahawa mdogo unaojikaangia kahawa yake ungebadilisha nini katika maisha ya mkulima na majirani zake?

Kibwezi ilitangulia

Historia ya kahawa nchini Kenya haiwezi kusimuliwa bila kuitaja Kibwezi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni. Wamishonari wa Kiskoti walifungua kituo hapo mwaka wa 1891, kando ya njia ya misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara.

Mwaka wa 1893, mmoja wao, John Paterson, alipanda mibuni kituoni humo. Wakati uo huo, mapadri Wakatoliki walikuwa wakiipanda Bura, huko Taita.

Kituo cha Kibwezi hakikudumu. Malaria na ukame viliwaelemea wamishonari, na kufikia 1898 misheni ilikuwa imehamia Kikuyu. Kahawa nayo ikapata makao katika nyanda za juu zenye ubaridi, kwenye mashamba ya walowezi.

Mwafrika alizuiwa kuipanda. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mashamba yake madogo yangeeneza magonjwa na kuharibu ubora wa zao. Walowezi kwa upande wao walichelea kwamba mtu mwenye mibuni yake hangekubali kuwa kibarua wao.

Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Katika milima ya Ukambani, zao hilo lilienea hasa katika miaka ya 1950, wakati wa mpango wa kilimo wa Swynnerton uliotangazwa mwaka wa 1954.

Kwa hivyo, eneo lililokuwa miongoni mwa ya kwanza kuota mbuni nchini lilikaa takriban miongo sita kabla wenyeji wake hawajaruhusiwa kuifanya kahawa zao lao.

Chai ilivyoshinda

Hata baada ya kuruhusiwa, mkulima alifunzwa kulima, hakufunzwa kunywa. Kahawa ilikuwa zao la kuuzwa ng'ambo ili kuiletea nchi fedha za kigeni.

Matunda yakishaiva huchumwa na kupelekwa kiwanda cha chama cha ushirika siku iyo hiyo. Huko hutolewa ganda la nje, punje zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa. Kisha hutiwa magunia na kusafirishwa kwenda kukobolewa, na hatimaye hupigwa mnada Nairobi.

Kukaanga, ambako ndiko kunakozaa ladha na harufu, hufanywa na mnunuzi katika nchi ya mbali. Mkulima huweza kuishi miaka 40 na mibuni asiwahi kuionja kahawa ya shamba lake. Kinachosalia nyumbani aghalabu ni yale matunda yaliyokaukia kwenye ganda, ambayo bei yake ni ya chini mno.

Chai, kwa upande mwingine, hufika dukani ikiwa tayari. Vijiko vichache vya majani, maziwa na sukari hutosheleza sufuria ya familia nzima. Kwa mama mwenye watoto watano na jiko moja la kuni, hilo si suala la mapenzi bali la hesabu.

Chai imekita mizizi hata katika ukarimu wa eneo hili. Msafiri wa barabara ya Mombasa anajua kwamba akisimama Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, atapewa chakula na chai bila kutozwa senti. Makabila na dini mbalimbali huketi pale pamoja. Mahali pa kukutania pasipobagua mtu si jambo geni Makueni. Kilichokosekana ni kahawa tu.

Hasara ya kutegemea mnunuzi mmoja

Kutoinywa kahawa yetu kumetugharimu. Mwezi Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kuuza ulivunjika na bei ikaporomoka duniani kote. Wakulima wengi wakaitelekeza mibuni yao.

Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilivuna karibu tani 130,000, katika miaka ya karibuni imekuwa ikivuna takriban tani 50,000. Ukame, chulebuni, kutu ya majani, gharama ya dawa, malipo yaliyochelewa na usimamizi mbaya wa vyama vyote vimechangia.

Mwaka wa 2023 serikali ilianzisha mfumo wa kumlipa mkulima moja kwa moja kupitia benki ili kupunguza mikono inayozigusa fedha zake. Hiyo ni hatua, lakini haibadilishi ukweli kwamba Wakenya wenyewe hunywa chini ya asilimia 5 ya kahawa yao.

Ethiopia ni kinyume. Huko, karibu nusu ya kahawa inayovunwa hunywewa nchini. Mwenye nyumba huikaanga mbele ya wageni, na kikombe cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, huitwa baraka. Bei ikianguka London au New York, mkulima wa Ethiopia angali na jirani wa kumuuzia.

Hesabu ya kikombe

Ili kuelewa thamani ya kukaanga, na tufanye hesabu ya mfano. Matunda mabichi kilo sita hadi saba hutoa takriban kilo moja ya punje safi zilizokobolewa. Zikikaangwa, hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa kuwa maji hutoka. Hubaki gramu 800 na ushei.

Kikombe kimoja kizuri huhitaji gramu 12 hivi. Maana yake ni kwamba zile kilo saba za matunda hutoa karibu vikombe 70.

Tuseme mkulima amelipwa Sh100 kwa kila kilo ya matunda. Kilo saba zitampa Sh700. Tuseme pia kwamba kikombe kinauzwa Sh50 tu, bei ambayo mkahawa wowote wa Nairobi ungeicheka. Vikombe 70 ni Sh3,500.

Tofauti hiyo ya Sh2,800 si faida yote. Ndani yake mna kodi ya chumba, makaa au gesi, maji, sukari, mshahara wa mhudumu na leseni. Lakini tazama vizuri orodha hiyo: karibu kila shilingi humwangukia mtu wa papo hapo mjini. Kahawa ikiondoka mbichi, kazi zote hizo huondoka nayo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika kahawa ya Mbooni, mmoja huchumia juani na mwingine kabisa hulia kivulini.

Moto hutaka ujirani

Yapo maarifa ambayo hayana budi kueleweka kuhusu kukaanga. Punje mbichi ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya nyasi. Ikipata moto hugeuka manjano, kisha hudhurungi, na chumba hunukia mkate unaookwa.

Joto likikaribia nyuzi 200, punje hupasuka kwa mlio unaofanana na wa bisi. Kuanzia hapo, dakika moja au mbili huamua kila kitu. Ikiepuliwa mapema, kahawa hubaki na uchachu wa matunda ambao ndio sifa ya arabika ya Kenya. Ikiachwa, huwa nyeusi, chungu na nzito.

Mashine zipo za kila kimo, lakini kikaango kizito, jiko la makaa na mkono usiochoka kukoroga vinatosha kumfunza mtu kazi hiyo.

Lililo muhimu zaidi ni hili: punje mbichi zikiwekwa pakavu huweza kukaa miezi mingi, lakini zilizokaangwa hupoteza harufu yake katika majuma machache, na zilizosagwa katika siku chache. Kahawa bora kwa hivyo ni ile iliyokaangwa karibu na anayeinywa.

Hapo ndipo mkahawa mdogo unapoishinda kampuni kubwa. Hauwezi kushindana nayo kwa wingi wala kwa matangazo, lakini unaweza kumpa mteja kahawa iliyokaangwa jana, kutoka mlima anaouona dirishani, na kumtajia chama cha ushirika kilichoitoa.

Somo la Pwani na la Moshi

Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja hawana mashamba ya kahawa ya kutajika, lakini wana desturi ya kuinywa. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa akigonganisha vikombe. Watu huketi barazani, wakapewa kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata pembeni.

Huko ndiko habari zinakopimwa kabla hazijaaminiwa. Huko hupangwa arusi, huchangwa pesa za mgonjwa, hubishaniwa siasa na mpira. Jaws Corner, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mfano wa kijiwe kilichopata sifa kwa kahawa na mijadala yake. Gharama ya kuingia ni kikombe kimoja, na asiyekuwa nayo hulipiwa na mwenzake.

Moshi, nchini Tanzania, ipo sura nyingine. Chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka wa 1933, kilifungua katika mji huo mkahawa uitwao Union Café, ambamo kahawa ya wanachama hukaangwa na kuuzwa kwa vikombe na kwa pakiti. Mkulima anaweza kuketi pale, akaona kile ambacho baba na babu yake walikiuza bila kukionja.

Pwani ilianza na wanywaji ikakosa mashamba. Moshi ilianza na mashamba ikajitafutia wanywaji. Makueni iko katika hali ya Moshi.

Kitui kama soko

Kitui haimo katika orodha ya kaunti kubwa za kahawa. Inajulikana kwa asali, pojo na mifugo. Lakini mkahawa hauhitaji shamba mlangoni. Unahitaji watu wenye haja ya kukutana.

Watu hao wapo. Kuna walimu, wahudumu wa bodaboda, watumishi wa kaunti, wafanyabiashara wa siku ya soko, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopo Kwa Vonza, ambacho kilipata hati yake mwaka wa 2013. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui nayo imezikurubisha kaunti hizi mbili.

Kwa kijana, mahali pa kuketi pasipouzwa pombe si jambo la kudharauliwa. Kwa wanawake, ambao aghalabu ndio huangukiwa na kazi ya kuchuma na kupembua kahawa huku malipo yakiingia kwa jina la mwenye shamba, kikundi cha kukaanga na kuuza kinaweza kuwa njia ya kupokea fedha kwa majina yao wenyewe.

Haifai, hata hivyo, kumdanganya msomaji. Kahawa iliyokaangwa kwa ajili ya biashara huhitaji leseni, na nyumba ya kuuza vinywaji huhitaji vibali vya kaunti na vya afya. Mteja aliyezoea chai ya bei nafuu hatalipa zaidi mara ya kwanza kwa sababu ya uzalendo. Na mkahawa wa Nairobi hauigiki hivi hivi: Java House, iliyofungua mlango wake wa kwanza jijini mwaka wa 1999, ilianza na wateja wa mifuko mizito. Wote na Kitui zinahitaji kikombe kidogo, bei ndogo na viti vingi, kwa mfano wa Pwani.

Chama cha ushirika kinaweza kuanza kwa magunia machache. Kikaange kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka, wanachama wakapewa kikombe cha kahawa yao kabla ya kusomewa hesabu. Mkulima aliyeionja atajua kwa nini matunda mabichi hayapasi kuchanganywa na yaliyoiva, na atauliza kwa nini kitu kitamu hivi kimlipe kidogo hivyo.

Swali hilo la pili ndilo lenye uzito. Kwa zaidi ya miaka 60, mkulima wa milima ya Makueni ameambiwa bei ya kahawa yake na watu wanaoijua ladha yake kumliko yeye. Mkahawa mmoja hautaubadilisha mnada wa Nairobi. Utampa kwanza ulimi wa kuihukumu kahawa yake, na soko la pili, hata likiwa dogo, liko mjini kwake.

Ndipo mhudumu wa Wote naye atakuwa na sababu ya kuuliza: "Chai au kahawa?"