Kopo la maharagwe lililozua fitina Shaba: Tunachofunzwa na kipindi cha kwanza cha Survivor: Africa

Wapenzi wa vipindi vya ushindani wa televisheni wana desturi moja. Msimu mpya ukianza, huketi kutazama kipindi cha kwanza kama watu waliokwenda kumwona bibi harusi: kila mmoja ana neno la kusema na kila mmoja ana mtu wake. Mimi ni mmoja wao. Nikiulizwa ni kipindi kipi cha kwanza kinachofaa kumwonyesha mtu asiyejua michezo hii, jibu langu ni lile lile: Survivor: Africa, msimu wa tatu wa Survivor ya Marekani, uliopigwa picha hapa hapa Kenya.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe ni huu. Katika msimu ule washindani 16 walipelekwa mahali pagumu na kugawanywa makundi mawili. Makundi hushindana, na lililoshinda hupata kinga. Lililoshindwa huenda mbele ya baraza usiku, na kila mtu huandika kwa siri jina la mwenzake anayetaka aondoke. Msimu ule uliendelea hivyo kwa siku 39 hadi wakabaki wawili, kisha 7 kati ya waliotolewa wakapiga kura kuamua nani achukue dola milioni moja.

Misimu miwili ya mwanzo ilifanyiwa kisiwa cha Pulau Tiga huko Malaysia, na Australia. Wa tatu ulipigwa picha katikati ya mwaka 2001 katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, na kipindi cha kwanza kikaonyeshwa Marekani tarehe 11 Oktoba mwaka huo, mwezi mmoja kamili baada ya mashambulizi ya New York na Washington.

Sisi watu wa Pwani tukisikia watu wameachwa porini, fikira ya kwanza ni bahari: utatupa mshipi, utaokota chaza, utaangua dafu. Shaba haina hayo. Ni nchi kavu ya miiba na jua. Washindani walikaa ndani ya boma la miiba, wakalazimika kukesha kwa zamu kwa ajili ya wanyama, na maji waliyoyapata hayakufaa kunywewa bila kuchemshwa. Chakula walichokuwa nacho kilikuwa kidogo, na cha makopo kilikuwa kama dhahabu.

Hapo ndipo fitina ilipoanzia. Katika kundi la Boran, mama mmoja, Diane Ogden, alikuwa amedhoofika. Wenzao wakiwa hawapo, Clarence Black alifungua kopo la maharagwe, akala pamoja naye. Waliporudi, moto ukawaka. Clarence alijitetea kwamba alimhurumia mgonjwa. Wengine wakauliza: kama ni huruma, kwa nini nawe ulikula? Na kwa nini hukungoja tukaulizana?

Kura ilipopigwa, aliyeondoka ni Diane. Clarence, aliyefungua kopo, alibaki, na hakutolewa mpaka zamu ya saba.

Mtu akitazama kijuujuu atasema hii ni dhuluma. Lakini ukitulia utaona jinsi mchezo unavyofanya kazi. Katika siku za mwanzo kundi halipigi kura kutafuta haki, linapiga kura kutafuta nguvu. Clarence alikuwa na mwili wa kazi, Diane alikuwa ameishiwa. Kundi lilimwadhibu Clarence kwa kumnyima imani, likamtumia kwa misuli yake. Alivumiliwa, hakusamehewa. Tofauti ya mambo hayo mawili inajulikana na yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na ndugu waliogombana.

Ndiyo maana kipindi cha kwanza hakifai kurukwa. Ushindani wa kamba na mikokoteni utausahau, lakini ile siku ya kwanza watu wanapojuana kwa njaa ndiyo inayoamua mengi ya mbele. Aliyeshinda msimu ule, Ethan Zohn, alitoka kundi hilo hilo la Boran. Alifika mwisho bila kuwa na kopo la mtu shingoni, na akamshinda Kim Johnson kwa kura 5 kwa 2.

Pamoja na mapenzi yangu kwa mchezo, kuna jambo linalonikera. Makundi mawili yaliitwa Boran na Samburu. Haya ni majina ya watu walio hai, wenye mifugo, wazee na mashairi yao. Mtazamaji wa Marekani aliyasikia kila wiki, lakini waliobeba majina hayo kwenye skrini walikuwa ni wageni waliovaa rangi za timu. Makundi yalipounganishwa baadaye wakajiita Moto Maji, wakikusudia moto na maji. Mswahili akisikia hivyo hudhani mtu ametaka kuagiza maji moto akayapindua maneno. Hilo la lugha ni la kuchekesha tu. Lile la majina ni zito zaidi, kwa sababu kiu iliyokuwa mchezo wa siku 39 kwa wageni, kwa wenyeji wa Isiolo ni maisha, na hakuna kura ya kuwatoa humo.

Haki isemwe pia. Baadaye katika msimu huo Ethan alifika Wamba, Samburu, katika safari ya kupeleka vifaa vya kupima virusi vya Ukimwi hospitalini, akacheza na watoto wa pale. Baada ya ushindi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Grassroot Soccer, shirika linalotumia kandanda kuwafundisha vijana kuhusu Ukimwi, lililoanza Zimbabwe mwaka 2002. Kwa hiyo mchezo uliacha kitu kizuri, ingawa hakikuwa kwenye mpango wa waliouandaa.

Pwani yetu nayo ni nzuri machoni pa kamera. Siku watayarishaji wa mchezo kama huu watakapotaka fukwe na visiwa vyetu, tuwapokee, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wazee wa mtaa waulize mapema: majina yetu yatatumika vipi, watu wetu wataonekana au watakuwa pazia la nyuma, na kazi itaajiri nani? Kundi la Boran liligombana kwa sababu kopo lilifunguliwa kabla ya watu kuulizana. Nasi tuulizane kwanza, kopo likiwa bado limefungwa.