Urefu wa figo kwenye ultrasaundi: kwa nini namba moja haiwafai watu wote

Ripoti ya ultrasaundi ya tumbo huwa na mstari unaotaja urefu wa figo kwa sentimita. Mgonjwa aliyezoea kusikia kwamba figo ya mtu mzima ina sentimita 10 hadi 12, akikuta zake zimeandikwa 9, hurudi nyumbani akiamini kwamba zimeanza kusinyaa. Huenda ni kweli. Huenda pia figo hizo ni nzima kabisa, na kilichokosekana katika ripoti ni kimo na uzito wa mwenyewe.

Kazi ya figo ni kuchuja damu ya mwili mzima, kwa hiyo mwili mkubwa kwa kawaida huwa na figo kubwa zaidi. Mwaka 1993, watafiti nchini Denmark walichapisha matokeo ya ultrasaundi za watu wazima 665 waliojitolea kupimwa. Urefu wa kati (median) ulikuwa sentimita 11.2 kwa figo ya kushoto na 10.9 kwa ya kulia. Ujazo wa figo ulihusiana zaidi na eneo la mwili, yaani kipimo kinachokokotolewa kutokana na kimo na uzito, na figo zilipungua kadiri umri ulivyosonga. Namba hizo hunukuliwa hadi leo, ingawa Wadenmark ni miongoni mwa watu warefu zaidi duniani.

Chukua mwanamke mwenye kimo cha sentimita 150 na uzito wa kilo 45. Eneo la mwili wake ni takriban mita za mraba 1.4. Mwanamume wa sentimita 190 na kilo 95 hufikia takriban 2.2. Figo ya sentimita 9 kwa mwanamke huyo inaweza kuwa ya kawaida. Kwa mwanamume huyo inastahili kuchunguzwa. Hatari iko pande zote mbili: mmoja hutishwa bure, mwingine, akiwa na figo ya sentimita 10, huambiwa yuko salama kwa sababu tu namba yake imo ndani ya kiwango.

Hata hivyo uzito una utata wake. Mafuta huongeza eneo la mwili bila figo kukua kwa kiasi kile kile, na katika hatua za mwanzo za kisukari figo huweza kuvimba kwa kufanya kazi kupita kiasi. Ukubwa, basi, si uthibitisho wa nguvu.

Upimaji wenyewe pia una mitego. Kifaa kikielekezwa mshazari, figo huonekana fupi kuliko ilivyo. Ndiyo maana mpimaji makini hurudia zaidi ya mara moja na kuchukua urefu mkubwa zaidi alioupata. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na unene, kisha 0.52, lakini kosa dogo katika kila kipimo hukua likizidishwa.

Daktari hatazami urefu peke yake. Huangalia kama tabaka la nje la figo limekuwa jembamba au linang'aa kuliko ini, kama figo moja imeizidi nyingine kwa sentimita 2 hivi, na kiwango cha kreatinini katika damu pamoja na protini katika mkojo. Figo iliyoharibiwa na kisukari au na virusi vya Ukimwi inaweza kubaki na ukubwa wa kawaida. Aliyebakiwa na figo moja, nayo hupanuka ili kufidia.

Kwa watoto, namba ya mtu mzima haitumiki hata kidogo. Figo ya mtoto mchanga ina sentimita 4 hadi 5, na baadaye hulinganishwa na majedwali ya umri au kimo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika upandikizaji. Kabla ya ndugu kutoa figo, zake zote mbili hupimwa kwa picha za CT, na zinapotofautiana waziwazi, iliyo bora kwa kawaida huachiwa mtoaji.