Je, Wajua? Pete Inayofunga Kromosomu

DNA ya seli moja ya binadamu, ikinyooshwa, hufikia mita 2 hivi. Hutosha ndani ya kiini kwa kuzungushwa kwenye protini za histoni, na mkusanyiko huo ndio kromatini. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hunakiliwa, na nakala zake mbili hufungwa pamoja na kohesini, protini yenye umbo la pete. Kromosomu zote zikishajipanga katikati ya seli, kimeng'enya cha separesi huikata pete, nazo nakala huvutwa pande mbili. Ikiachia mapema, seli mpya hupata kromosomu pungufu au za ziada, hali ya kawaida katika saratani. La ajabu zaidi, kohesini hukunja pia DNA vitanzi-vitanzi na kuongoza jeni. Hitilafu kwenye jeni ya NIPBL, inayosaidia kuipachika kohesini kwenye DNA, husababisha sindromu ya Cornelia de Lange: mtoto hukua polepole, na mara nyingi nyusi zake huungana.